Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na uongozi wa SUZA: tupeni somo la falsafa ya maadili, kwa Kiswahili

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Zanzibar,
Kwa Makamu Mkuu, Baraza na Seneti ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA),

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa, ombi langu nalitanguliza: naomba Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kianzishe masomo ya falsafa ya maadili, yafundishwe kwa Kiswahili, na yaanzie Pemba. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Wete. Nimefuatilia kwa muda mrefu mambo yanayojadiliwa na wanafalsafa wa maadili duniani, na kila ninapozidi kusoma naona kwamba sisi tumo katika mijadala yao, ila hatumo mezani. Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na watoto wetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifanyika Pemba utafiti mkubwa wa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35 waligawiwa kwa bahati nasibu: wengine chuma na foliki, wengine hivyo hivyo pamoja na zinki, wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Makundi hayo matatu peke yake yalikuwa na watoto zaidi ya 24,000. Muongozo wa kimataifa wa wakati ule ulishasema kwamba mahali ambapo upungufu wa damu umeenea sana watoto wadogo wote wapewe chuma kama kawaida. Ni jambo lililoonekana halina ubishi: mtoto hana damu, mpe chuma. Lakini Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria kila kona. Agosti 2003 bodi huru iliyokuwa ikiangalia usalama wa watoto ilipitia takwimu, na kwa ushauri wake utoaji wa chuma ukasimamishwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet Januari 2006: watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa na uwezekano wa kufa au kulazwa hospitali uliozidi kwa asilimia 12 ule wa wenzao waliopewa kidonge kitupu. Utafiti pacha uliofanyika Nepal, mahali ambapo malaria ni haba, haukuonesha madhara hayo. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari mpya kwa nchi zote zenye malaria nyingi.

Sitaki mtu asome haya akadhani nawashutumu watafiti. Walichunga na walisimamisha. Lau utafiti ule usingefanywa, vidonge vile vile vingeendelea kugawiwa katika nchi zenye malaria kama yetu, na hakuna ambaye angejua watoto wanadhurika. Watoto wa Pemba waliwakinga watoto wa nchi nyingine ambao hawatawajua kamwe. Na hapo ndipo maswali mazito yanapoanza. Je, inajuzu kumuingiza mtoto wa miezi 6 katika jambo ambalo faida yake huenda ikamwendea mwengine? Wanafalsafa wa utabibu wanasema inajuzu pale tu wataalamu wenyewe wanapokuwa na shaka ya kweli ni tiba ipi bora. Wengine wanapinga: shaka ya mtaalamu haitoshi, kwa sababu anayebeba hatari si mtaalamu. Na jamii iliyobeba hatari hiyo inadaiwa nini, au inadai nini? Majibu yapo mengi, na yameandikwa kwa Kiingereza na watu ambao wengi wao hawajapata kufika Chake Chake. Mimi sijakutana na hata makala moja ya falsafa juu ya jambo hili iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Kuna siku nilikuwa nimekaa kwenye barza ya jirani yangu kijijini, akaja kijana wa utafiti mwengine kabisa kusoma fomu ya ridhaa. Karatasi zilikuwa kadhaa, na aliisoma yote, kwa utulivu, hakuruka. Bibi mwenye nyumba alimsikiliza mpaka mwisho, mjukuu kampakata. Kisha akauliza, "Baba, nikikataa, dawa za kituoni tutapewa?" Kijana akamjibu ndiyo, imeandikwa. Bibi akauliza tena, "Na nikikubali, mkishapata mnachokitafuta, mtarudi kutwambia?" Kijana akafunua karatasi mbele na nyuma, akatafuta, mwisho akasema ataenda kuuliza. Bibi akakitazama kidau cha wino, akakisogeza pembeni, akamwambia, "Kaulize kwanza, baba. Mimi nipo."

Oktoba 2024 Chama cha Madaktari Duniani, kilipokutana Helsinki, kilipitisha marekebisho ya Tamko la Helsinki, waraka wa 1964 unaoongoza maadili ya utafiti kwa binadamu. Marekebisho hayo yanataka jamii ishirikishwe kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake. Swali la bibi yule, lile la pili, limo ndani ya waraka huo. Aliuliza peke yake, kwenye barza yake, bila ya kufundishwa na mtu. Sasa fikirini angekuwa na mjukuu mkubwa aliyesomea mambo haya chuoni kwetu, anayekaa katika kamati ya maadili ya utafiti ya Zanzibar, anayeweza kuichukua hoja ile na kuijenga ikasimama mbele ya wataalamu wa Geneva na Baltimore.

Mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin, aliyefariki Februari 2024, aliandika miaka mingi juu ya ugonjwa huu. Alisema elimu ya Afrika imeelekezwa nje: sisi tunatoa malighafi, yaani takwimu, sampuli na visa, na nadharia inatengenezwa kwengine kisha tunauziwa. Mpemba hahitaji kuelezwa zaidi, maana ndiyo hadithi ya karafuu. Lakini pale Wawi, kipo kiwanda chetu kinachokamua mafuta ya makonyo ya karafuu. Na hapo hapo Wawi ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambayo imefanya tafiti nyingi za minyoo, kichocho na upungufu wa damu. Sampuli tumejifunza kuzichunguza hapa hapa. Lililobaki ni kujifunza kuzihoji sababu za kuzichukua.

Najua jibu la haraka litakuwa kwamba hatuna vitabu wala majarida, na kwamba usajili wa majarida ya nje ni ghali. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana nataka mujue yaliyotokea karibuni, kwa sababu yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Novemba 2023 mchapishaji mkubwa Wiley alimuondoa Robert Goodin, mhariri aliyeliasisi jarida la Journal of Political Philosophy mwaka 1993. Wahariri wenzake na wajumbe wengi wa bodi wakaondoka, wakaanzisha jarida jipya. Mei 2024 wahariri na bodi nzima ya Philosophy & Public Affairs, jarida lililoanza 1971 na ambalo limetoa makala mashuhuri kuliko pengine jarida lolote la fani hii, nao wakatangaza kujiuzulu kwa pamoja. Malalamiko yao yalikuwa juu ya biashara ya uchapishaji, ambayo faida yake hutoka katika wingi wa makala huku kazi ya kuyachuja ikifanywa na wanazuoni wenyewe. Jarida lao jipya, Free & Equal, linatoka chini ya Open Library of Humanities, mchapishaji asiyetafuta faida. Msomaji halipi, na mwandishi halipi.

Lisomeni tena hilo, Waheshimiwa. Mwanafunzi wa Mchanga Mdogo mwenye simu na kifurushi cha intaneti anaweza leo kusoma makala yale yale anayosoma mwanafunzi wa Oxford, na akiandika makala nzuri hadaiwi hata senti kuyachapisha. Watu wazito wa fani hii wameacha jarida lenye jina kubwa wakaanza upya ili mlango huu ufunguke. Sisi tusipokuwa na mtu wa kupita mlangoni, itakuwa umefunguliwa kwa ajili ya wengine.

Na mambo yanayojadiliwa humo si ya mbali. Mwaka 1972, katika jarida hilo hilo la Philosophy & Public Affairs, Peter Singer aliandika makala iliyozaliwa na janga la wakimbizi wa Bengal Mashariki. Hoja yake ilikuwa kwamba mwenye uwezo wa kuzuia balaa kubwa bila ya kupoteza kitu chenye uzito sawa na hicho ana wajibu wa kulizuia, na umbali wa anayeteseka hauondoi wajibu huo. Kutokana na hoja hiyo limezuka kundi zima la watu wanaohesabu wapi dola moja itaokoa maisha mengi zaidi, na moja ya majibu yao makubwa ni chandarua chenye dawa. Kundi hilo limepata misukosuko. Mfadhili wake mkubwa aliporomoka na kampuni yake ya sarafu za kidijitali, FTX, Novemba 2022, akahukumiwa miaka 25 jela Machi 2024, na mwezi uliofuata Oxford ikaifunga taasisi yake ya kuchunguza mustakabali wa binadamu iliyokuwa karibu na fikra hizo.

Sisi, hata hivyo, tuna swali letu wenyewe ambalo wao hawajalikalia kitako. Malaria Zanzibar ilishuka sana tangu katikati ya miaka ya 2000 kwa neti, upuliziaji dawa majumbani na dawa mseto, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka Marekani. Mwaka 2025 Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, USAID. Je, aliyetoa kwa miaka karibu ishirini, mpaka watoto wakakua bila ya kinga ya mwili dhidi ya malaria kwa sababu hawaugui tena, ana haki ya kuondoka kwa notisi fupi? Mimi naona hapana. Anayekufanya uegemee mkono wake anachukua dhamana, hata kama mwanzoni alitoa kwa hiari. Lakini hoja hii ina upande wa pili unaotuuma sisi wenyewe: serikali iliyoruhusu kinga ya watoto wake itegemee bajeti ya bunge la nchi nyingine, nayo ina dhamana gani? Haya ni mambo ya kukaa na kubishana kwa hoja, kwa lugha ambayo mama mwenye neti iliyotoboka anaielewa, na yeye akasema lake.

Mtaniambia vijana wetu hawayawezi. Naomba nitoe ushahidi. Kila mtu Pemba anaujua usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikija huku, imejaa kupita uwezo wake. Karibu kila kijiji kilifiwa. Darasani kwangu jambo hili huwa halitajwi ovyo, lakini mwaka mmoja wanafunzi wa Kidato cha Nne walilianzisha wenyewe: chombo cha uokozi ni kimoja, kulia kuna mtu mmoja majini, kushoto wako watano, na wakati wa kwenda pande zote mbili hakuna. Kijana wa Kojani, ambaye baba yake huenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, kila msimu, akasema mvuvi hachagui, anamuokoa aliye karibu na chombo chake. Nikawaeleza kwamba mwaka 1977 mwanafalsafa wa Marekani, John Taurek, aliuliza swali la namna hii kwa mfano wa dawa: mgonjwa mmoja anaihitaji yote, watano kila mmoja anatosheka na sehemu ya tano. Taurek akasema wingi peke yake si hoja, kwa sababu hakuna mtu anayekufa mara tano. Yeye angerusha sarafu, ili kila mmoja apate nafasi sawa.

Darasa likanyamaza. Kisha msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, wakiwa mmoja kwa mmoja ningerusha sarafu. Sasa wameongezeka wanne upande huu, na mimi bado narusha sarafu ile ile. Basi hao wanne, kuwepo kwao na kutokuwepo ni sawa tu. Nimewafanya si watu." Waheshimiwa, T. M. Scanlon wa Harvard, katika kitabu chake cha 1998, ana hoja iliyo karibu sana na hii, na imeandikiwa makala chungu nzima tangu hapo. Msichana yule hakuwa amewahi kumsikia. Alimaliza skuli, akatafuta chuo, na hapa kwetu hakuna mahali ambapo kipaji chake hicho kingetambuliwa kuwa ni kipaji. Anasomea uhasibu. Ni kazi nzuri na namuombea heri.

Kuna wasiwasi mwengine ambao hausemwi hadharani, nao ni wa dini. Nauheshimu, na nataka kuujibu kwa adabu. Wapo wanaoona falsafa ni njia ya kumtoa kijana katika imani, na wanamtaja Imamu Ghazali aliyewakosoa wanafalsafa. Kweli aliwakosoa. Lakini aliwasoma kwanza, akazieleza hoja zao vizuri, ndipo akazijibu, na elimu ya mantiki aliitetea. Ibn Rushd akaja baadaye akamjibu yeye, hoja kwa hoja, na wote wawili walikuwa wanazuoni wa fiqhi. Darasa zetu hazikuwahi kuogopa mjadala. Mwanafunzi wa fiqhi anaijua kanuni kwamba kuondosha madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Ichukueni kanuni hiyo mukaiweke mbele ya vidonge vya chuma vya 2003, muone inavyofanya kazi: je, madhara yasiyojulikana bado nayo hutangulizwa? Na kukaa bila ya kujua, je, si madhara? Hapo mwanazuoni wa Micheweni ana cha kumfundisha profesa wa Ulaya, na profesa atasikiliza, kwa sababu huo ndio mjadala wao mkali wa leo.

Mei 2025 alifariki Alasdair MacIntyre, akiwa na miaka 96. Huyu aliwarudisha wanafalsafa wa zama zetu kwenye fadhila na tabia, akashikilia kwamba maadili hukua ndani ya mapokeo na kazi za watu, hayaelei hewani. Katika maandishi yake alitumia mfano wa wavuvi: chombo ambacho mabaharia wake wanatafuta fedha tu, na chombo ambacho mabaharia wake wameshikamana na ubora wa kazi yenyewe na wao kwa wao, hata bahari inapokuwa kavu. Nilipousoma mfano huo nilitamani sana angefika Kojani au Tumbatu.

Kuhusu lugha sitasema mengi. Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki Januari 2022, aliwataka wanafalsafa wa Afrika wazijaribu hoja za kigeni katika lugha zao za nyumbani, waone kama bado zinasimama. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Chuo chetu kinasomesha Kiswahili hadi shahada ya uzamivu. BAKIZA, Baraza la Kiswahili Zanzibar, wapo, na istilahi watazitafuta tukiwapa kazi. Kule Nairobi, mwanafalsafa Henry Odera Oruka alikwenda kuzungumza na wazee wenye busara vijijini na akazifanya hoja zao kuwa sehemu ya falsafa ya Afrika, kitabu chake kikatoka 1990. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya falsafa. Visiwa hivi vimechelewa.

Basi naomba nini hasa? Sitaki jengo. Mwaka wa kwanza mwalimu mmoja aliyesomea falsafa ya maadili, awekwe katika kampasi ya Pemba, agawane vipindi kati ya wanafunzi wa afya na wa Kiswahili. Kozi za maadili ya kazi zilizopo ziendelee, zina faida yake, lakini zinamfundisha muuguzi na karani nini kimekatazwa. Tunahitaji pia mahali pa kuuliza kwa nini, na kama kilichokatazwa kilistahili kukatazwa. Wanafunzi wa somo hili baadaye waajiriwe kwenye kamati za maadili ya utafiti, na Tume ya Maadili ya Viongozi wa Umma nayo itawahitaji. Siku ya Falsafa Duniani huadhimishwa kila Alkhamisi ya tatu ya Novemba. Chuo kingeanza na barza moja ya wazi siku hiyo, Chake Chake, mada iwe utafiti wa chuma, na waalikwe watafiti, masheikh, wakunga na wazazi ambao watoto wao walikuwemo. Watoto hao sasa wana miaka zaidi ya ishirini. Baadhi yao wamo vyuoni mwenu, na sijui kama kuna aliyewahi kuwaeleza kwamba miongozo ya dunia ilibadilika kwa sababu yao.

Kazi ya kwanza ya mwalimu huyo na wanafunzi wake iwe kuliweka Tamko la Helsinki la 2024 katika Kiswahili cha kusomeka barzani, nakala ziende kila kituo cha afya Unguja na Pemba, na kila kijana anayebeba fomu ya ridhaa abebe na nakala yake. Kwa kazi hiyo mimi na walimu wenzangu wawili wa Wete tuko tayari kusaidia jioni na siku za mapumziko, bila ya malipo. Mukituita Tunguu tutakuja.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa sekondari,
Wete, Pemba